JE, NANI ANAKUTAWALA?

Kijana mwenzangu! Karatasi hii hukuiomba, umepewa tu njiani. Lakini kabla hujafungia karanga, nijibu swali moja: ni nani anayekutawala?

Utasema, "Mimi niko huru, hata baba haniambii kitu." Haya. Juzi uliapa hunywi tena. Ilipofika saa mbili usiku ulikuwa wapi? Uliapa mkeka ule ndio wa mwisho, na leo asubuhi umekopa buku ukabeti tena. Simu ikilia usiku wa manane unaamka, mama akiita mchana unanuna. Sasa hapo bwana ni nani na mtumwa ni nani?

Mimi nayajua haya. Mwaka 2015 nilikuwa kuli pale Mwaloni, Kirumba, jijini Mwanza. Mvivu sikuwa! Saa kumi alfajiri nilikuwa tayari na gunia la dagaa begani. Siku moja mama akanipa shilingi 70,000, ada ya bweni ya mdogo wangu wa kike, nikalipe benki. Njiani nikaona nizizungushe kidogo zizae. Nikaweka mkeka wa timu tisa. Nane zikashinda. Ya tisa ikauchana mkeka dakika za mwisho.

Mdogo wangu akarudishwa nyumbani na sanduku lake. Hakunilaumu. Alikaa tu kwenye kizingiti na sare yake, akiniangalia. Rafiki yangu, macho yale nayaona mpaka leo.

Fungua Biblia, Mwanzo 25, usome habari za Esau. Watu humcheka kwamba aliuza haki ya mzaliwa wa kwanza kwa chakula cha dengu. Lakini Esau alikuwa mwindaji hodari! Mwindaji hujua kungoja. Analala majanini, mbu wanamuuma, hajitikisi. Mtu huyo aliyeweza kumngoja mnyama porini akashindwa kulingoja tumbo lake nyumbani. Ndivyo nilivyokuwa mimi. Gunia niliweza kulibeba, noti saba za elfu kumi zikanishinda.

Mtazame Eliud Kipchoge wa Kenya. Tarehe 12 Oktoba 2019, huko Vienna, alikimbia kilomita 42 na zaidi kwa saa 1, dakika 59 na sekunde 40. Dunia nzima ilipiga makofi. Lakini kule kambini Kaptagat, bingwa huyu na utajiri wake alishika zamu ya kusafisha vyoo pamoja na wenzake. Hapo hakuna kamera wala medali. Mtume Paulo naye, katika 1 Wakorintho 9, anamtaja mwanariadha anayejizuia katika yote, kisha anasema yeye mwenyewe anautiisha mwili wake. Mtume mzima! Sembuse wewe na mimi.

Wengine watakuambia ukiokoka tu tamaa inakufa papo hapo. Mimi sitakudanganya. Nilimpa Yesu maisha yangu, na Jumamosi iliyofuata miguu ikaanza kunipeleka kule kule kwenye duka la kubeti. Katika Wagalatia 5 kiasi kinatajwa kuwa tunda la Roho, na tunda halitoki siku unayopanda mche. Kwa hiyo nikaomba, tena kwa machozi, na nikabadilisha njia. Nikawa nazungukia nyuma, kwenye matope, ili tu nisipite pale dukani. Marafiki walinicheka sana. Ujira wangu nikawa namkabidhi mama siku ile ile, kabla jua halijazama. Ilichukua miezi mingi kabla sijaweza kupita mbele ya duka lile bila moyo kudunda.

Ile 70,000 nililipa kidogo kidogo. Muhula mmoja wa mdogo wangu sikuweza kuulipa.

Na wewe, ni nini kilichokushika? Usiniambie mimi, mwambie Mungu leo usiku, kwa Kiswahili chako cha kawaida, na ukitaje kwa jina. Ukitaka mtu wa kuomba naye, nipo chini ya jukwaa upande wa spika, mpaka taa zizimwe.