Daftari la Kanisa na Fulana za Bure



Wengi wenu mmeuliza kwa nini daftari la mahitaji ya familia halipo tena kwenye meza ya nyuma ya kanisa. Tutajibu, lakini tuanze mbali kidogo.

Mlio watu wazima mnakumbuka Januari 2008. Kule Kenya watu zaidi ya 1,000 waliuawa baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, nasi tukavuka Busia na Malaba na kile tulichoweza kubeba. Kwenye vizuizi vya barabarani kitambulisho kilisomwa kabla mtu hajaulizwa jambo lingine. Jina la pili lilitosha. Siku chache baadaye, pale Mulanda, jina lile lile tulilolificha njiani tulilitamka kwa sauti, likaandikwa, tukapata turubai na chakula. Ndiyo maana hatukubaliani na wanaosema kwamba mtu asiye na kosa hana la kuficha. Sisi hatukuwa na kosa, na la kuficha tulikuwa nalo.

Hata hivyo hatukubaliani pia na ndugu wanaotaka tusiandikishwe popote. Zamani msaada wa ndugu aliye Nairobi au Eldoret ulikuja ndani ya bahasha kwa mkono wa dereva, na mara nyingine bahasha ilifika nyepesi. M-Pesa ilianza Kenya Machi 2007, na MTN ikaleta pesa za simu Uganda mwaka 2009. Leo mjane wa mpakani mwenye laini mbili anapokea ada ya shule mchana na kuilipa jioni. Kampuni inajua ni nani alimtumia, kiasi gani, na alitoa kwa wakala yupi. Mama huyo anajua kwamba wanajua, na anaona afadhali hivyo kuliko kumngoja dereva. Hatuwezi kumlaumu.

Shida ni kwamba habari ya mtu haikai mahali ilipotolewa. Kule Garissa, wakati wa ukame, familia za Wakenya wenyewe, wenyeji wenye asili ya Kisomali, ziliandikisha watoto kama wakimbizi katika kambi za Dadaab ili wapate chakula na matibabu. Mzazi gani angekataa? Watoto wakatimiza miaka 18, wakaenda kuomba kitambulisho cha taifa. Alama za vidole vyao zilipotafutwa, jibu likatoka kwamba hao ni wakimbizi. Maelfu walikaa miaka mingi bila kitambulisho, na bila hicho Kenya huwezi kusajili laini ya simu wala kufungua akaunti ya benki, na kazi ya kuandikwa ni taabu kuipata. Mambo yalifika hadi mahakamani. Mzazi alitoa kidole cha mtoto kwa ajili ya unga wa mwezi mmoja, na unga ulipokwisha alama ya kidole ikabaki. Sisi ambao watoto wetu wamezaliwa upande huu, na ambao siku moja huenda wakataka kurudi kwao, tuisome habari hiyo mara mbili.

Wala si njaa pekee inayotufanya tutoe. Mwaka 2023 watu walipanga foleni ndefu Nairobi wakapigwa picha ya mboni ya jicho na Worldcoin, kwa malipo ya karibu shilingi 7,000 za Kenya. Serikali ilisimamisha kazi hiyo mwezi Agosti, na Mei 2025 Mahakama Kuu ikaamuru picha zifutwe.

Sasa tufike kwenye daftari. Mgeni mmoja alikuja baada ya ibada, mtu mpole, na soda na fulana 20. Alisema anasaidia wafanyabiashara wadogo. Akaomba kuona orodha ya familia, nasi tukampa. Akapiga picha kila ukurasa kwa simu yake: jina, idadi ya watoto, kijiji cha asili, namba ya simu, na nani anatumia dawa kila siku. Haikupita muda, ujumbe wa mikopo ukaanza kuingia kwenye simu za waumini. Mama mmoja alipigiwa simu na mtu asiyemjua aliyeutaja ugonjwa wa mumewe na kumwuzia dawa. Ugonjwa huo hata majirani hawakuujua. Sisi ndio tuliuandika.

Mnamkumbuka mfalme Hezekia. Alikuwa ametoka kuugua, wageni wa Babeli wakaja na zawadi, naye kwa furaha akawafungulia ghala zote. Siku ile hawakuiba kitu, walitazama tu.

Uganda na Kenya zote zilipata sheria ya kulinda habari za watu mwaka 2019. Kwa sheria hizo, anayechukua habari zako hana budi kukwambia anazitakia nini. Tungeweza kumwuliza yule mgeni. Hatukumwuliza, kwa kuwa fulana zilikuwa nzuri.

Kwa hiyo tulilifungia daftari kabatini. Siku chache baadaye mtoto akashikwa na homa usiku, namba ya simu ya baba yake ilikuwa ndani ya daftari, na mwenye ufunguo alikuwa amelala Tororo mjini. Tulimpata baba huyo asubuhi. Mtoto alipona, lakini wazee wawili bado wanasema daftari lirudi mezani, na hatuwezi kusema hawana hoja.

Tumeafikiana hivi kwa sasa: namba za simu zitakuwa katika daftari dogo kwa mama wa zamu, bila neno lolote juu ya ugonjwa wala kijiji cha asili. Kurasa za zamani zipo kabatini. Anayetaka wake uchanwe aje Jumapili baada ya ibada, auchane kwa mkono wake mwenyewe. Yule mama alikuja wa kwanza. Tulimwomba msamaha, akasema atafikiri.