Saa za Mashine na Haki ya Jirani

Mkulima wa Newala au Masasi apelekapo korosho zake ghalani huitazama mizani kwa macho mawili. Afanya vema. Lakini kuna kipimo kingine asichokiona. Tangu msimu wa 2024 korosho zake huuzwa kwa mnada wa mtandao, katika mfumo wa Soko la Bidhaa Tanzania. Wanunuzi huandika bei zao katika mashine, na mnada una saa yake ya kufungwa. Nani amewahi, nani amechelewa? Saa ndiyo ijibuyo.

Nazo saa za kompyuta hupotea. Ndani yake mna kipande kidogo cha kwatsi kinachotetema, na joto hukibadili mwendo, hata mashine ikakosea sekunde moja au mbili kwa siku. Umeme ukikatika, na ile betri ndogo ya ndani imekwisha, mashine huamka ikidhani ni mwaka wa zamani. Kisha hukataa hati za usalama za benki, maana kwake hati hizo hazijaanza kutumika. Karani aulaumu mtandao bure.

Mashine mbili zisipopatana, jambo lililotangulia laandikwa kuwa lilifuata. Malipo yaonekana yametoka kabla ya mzigo kupokelewa. Mtu mwaminifu ashukiwa wizi, na mwizi apata pa kujificha. Hapo twasema wazi kwamba neno hili si la mafundi peke yao. Kumshuhudia jirani uongo ni dhambi, na mwenye ofisi aliyejua kuwa saa yake ni mbovu, akaiacha iendelee kuandika, hawezi kunawa mikono kwa kusema kosa ni la mashine.

Tarehe 25 Februari 1991, huko Dhahran, Saudi Arabia, mtambo wa kuzuia makombora uliokuwa umewashwa kwa zaidi ya saa 100 ulikuwa umekosea wakati kwa theluthi moja tu ya sekunde. Kombora likapita. Askari 28 wa Marekani wakafa.

Dawa ipo, wala si ngeni. Mwaka 1985 Mmarekani David Mills alitoa utaratibu uitwao NTP. Mashine huiuliza saa kuu, hupima muda ambao swali na jibu vimekaa njiani, kisha hujirekebisha polepole. Wakati ule ni mmoja kwa dunia nzima; sisi huongeza saa 3 tu. (Papa Gregori XIII naye, mwaka 1582, aliamuru tarehe 4 Oktoba ifuatwe na tarehe 15. Uingereza ilikawia kukubali hata 1752, na barua za wafanya biashara zikabeba tarehe mbili mbili.) Watawa wa Ndanda, walikofika Wabenedikto mwaka 1906, huitwa salani kwa kengele moja, si kila mtu kwa yake.

Yawapasa basi makatibu wa vyama vya ushirika wamwulize fundi, kabla ya mnada wa kwanza wa Oktoba, kama mashine zote za ofisi zafuata saa moja, pamoja na ile ya stoo iwashwayo mara moja kwa mwezi.