Pango Halali na Paa Linalovuja

Bismillahi Rahmani Rahim. Sifa njema zote ni za Allah, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.).

Ndugu zangu, hapa Kigali karibu kila mmoja wetu anahusika na pango kwa upande mmoja au mwingine. Wengi mmepanga vyumba vya uani kule Nyamirambo, Biryogo na Rwezamenyo. Wengine ni watoto wa wenye nyumba, na mimi ni wa kundi hili. Ada yangu ya chuo inatoka katika vyumba vinne alivyojenga baba nyuma ya nyumba yetu. Kwa hiyo swali langu linagusa chakula ninachokula: pango linakuwa halali kwa sababu gani, na uhalali huo unaishia wapi?

Jibu la haraka tunalijua sote. Kupangisha ni ijara, na ijara imeruhusiwa. Kilichoharamishwa ni riba. Lakini tutafakari kidogo. Mtu ana faranga milioni 5. Akimkopesha jirani na kudai nyongeza ya faranga 50,000 kila mwezi, amekula riba. Akijenga chumba kwa pesa hizo, akampangisha jirani huyo huyo kwa faranga 50,000 kwa mwezi, amekula halali. Pesa ni zile zile, jirani ni yule yule, na kila mwisho wa mwezi kinachopokelewa ni kile kile. Tofauti iko wapi?

Mafaqihi wanatujibu kwa kanuni fupi: pato hufuatana na dhamana. Asili yake ni hadithi ya Bibi Aisha (r.a.), iliyopokewa na Abu Daud na Tirmidhi. Mtu alinunua mtumwa, akanufaika na kazi yake, kisha akagundua ana kasoro na kumrudisha. Muuzaji akalalamika kwamba mtumwa wake ametumiwa bure. Mtume (s.a.w.) akahukumu kwamba manufaa yale ni ya mnunuzi, kwa kuwa hasara nayo ingekuwa juu yake. Mkopeshaji wa riba habebi hasara ya kitu chochote; biashara ya mkopaji ikifa, deni na nyongeza yake viko pale pale. Mwenye nyumba anabaki mmiliki, na ukuta ukianguka umeanguka kwake. Hatari hiyo anayoibeba ndiyo inayompa haki ya kupokea pango.

Sasa tutazame yanayotokea mitaani. Masika yanaingia mwezi wa Machi, maji yanashuka kutoka Mlima Kigali, bati linavuja juu ya godoro. Mpangaji anapiga simu, anaambiwa atengeneze mwenyewe au ahame. Tarehe ya malipo ikifika, pango linadaiwa kamili, na pengine miezi 3 ilishalipwa mbele. Mwenye nyumba huyo amelibakiza pato na kumtwisha mwenzake dhamana. Sisemi kwamba amekula riba. Mkataba wake bado ni ijara, na hukumu hiyo si yangu. Ninasema amekitupa kile kilichomtofautisha na mkopeshaji.

Wanazuoni hawakuliacha jambo hili hewani. Imam Nawawi, katika Minhaj, anaeleza kuwa kuitengeneza nyumba ni juu ya mwenye nyumba. Asipofanya haraka, mpangaji ana hiari ya kuvunja mkataba. Anaingia hadi kwenye theluji: iliyo juu ya paa huondolewa na mwenye nyumba, na uchafu wa uani hufagiwa na mpangaji. Kigali haina theluji, lakini ina mvua, na mpaka uko wazi. Paa ni la mwenye nyumba, ufagio ni wa mpangaji.

Huenda mtu akasema: Waislamu hufungwa na masharti yao, na mpangaji alikubali kutengeneza kila kitu. Kwa mafaqihi wa Kishafi, pango linalolipwa kwa matengenezo ya nyumba halisihi, kwa sababu kiasi chake hakijulikani. Tena, ridhaa ya mtu asiye na pa kulala leo usiku tusiitegemee sana.

Baba ana hoja nzito zaidi. Ananiambia mwenye vyumba vinne si kampuni. Saruji na bati ni ghali, chumba hukaa kitupu miezi miwili, na wapo wajane wanaoishi kwa pango la chumba kimoja. Ni kweli. Lakini sheria ya Rwanda kuhusu ushuru wa pango huondoa asilimia 50 ya pango kabla ya kutoza, kwa kuihesabu kuwa gharama za kuitunza nyumba. Serikali inakuamini kwamba nusu imerudi kwenye nyumba. Je, imerudi? Baba akaniuliza kama niko tayari ada yangu icheleweshwe ili bati libadilishwe. Nikamjibu ndiyo, na jibu hilo limenigharimu.

Kwa wale watakaojenga au kurithi, nina mashauri machache. Tenga fungu la matengenezo kila mwezi kabla hujala pango. Kabla ya kumpa mpangaji ufunguo, kikagueni chumba pamoja na muandike hali yake, ili pesa ya dhamana isije ikaliwa kwa kisingizio. Kama mita ya Cash Power ni moja kwa ua mzima, mgawo wake uandikwe pia. Chumba kikiwa hakikaliki, rudisha pango la siku zilizobaki, maana manufaa uliyoyauza hayapo. Na mpangaji akibanwa kweli, kama wengi walivyobanwa mji ulipofungwa Machi 2020, kumbuka aya ya 280 ya Suratul Baqara inayotuamuru kumpa muda mwenye dhiki.

Nanyi wapangaji, chumba ni amana mikononi mwenu. Kinachoharibika kwa uzembe wenu ni juu yenu. Lipeni kwa wakati, na tone la kwanza likianguka semeni siku hiyo hiyo.

Allah atujaalie riziki ya halali, na atuepushe na kula jasho la wenzetu kwa jina la mkataba. Wallahu a'lam.