Kumtunza Mwimbaji

Katika lugha yetu kitenzi "kutunza" kina kazi mbili. Tunatunza kitu ili kisipotee. Na mpenzi wa taarab huinuka kitini, akamwendea mwimbaji kwa madaha, akamtunza kwa fedha mkononi. Huyo anayetunza hamtungii mwimbaji ubeti unaofuata. Ametoa kwa kuwa ameguswa, kisha hurejea kuketi. Swali langu ni hili: je, serikali nayo yaweza kutunza namna hiyo?

Historia inatutahadharisha. Mwaka 1964 chama cha wafanyakazi, NUTA, kiliunda bendi yake ya NUTA Jazz. Mwaka 1978 shirika la usafiri na teksi likaanzisha Mlimani Park, iliyohamia mikononi mwa DDC, shirika la maendeleo la Dar es Salaam, mwaka 1983. Wanamuziki wakapata mshahara, ala na ukumbi, na nyimbo zao za mapenzi na misukosuko ya ndoa zingali zikipendwa. Lakini bendi za mashirika ziliimba pia sifa za chama na siasa yake, maana mwajiri ni mwajiri. Huko Unguja, Nadi Ikhwan Safaa, iliyoasisiwa 1905, ilijikuta baada ya Mapinduzi ya 1964 ikiitwa Malindi. Siasa ikishaingia ukumbini, hufika hadi kwenye jina.

Basi serikali ikae mbali? Hilo nalo lina hatari yake. Chuo cha Muziki wa Nchi za Jahazi, kilichoanzishwa Mji Mkongwe mwaka 2002, kiliishi kwa sehemu kubwa kwa misaada ya wafadhili wa nje. Misaada ilipopungua, mwaka 2019 kikawa ukingoni mwa kufungwa. Mtegemea cha nduguye hufa maskini, sembuse nduguye akiwa ng'ambo.

Hapa Bwejuu ya Mafia pingamizi lenye uzito ni jingine. Mgonjwa mahututi huvushwa kwa chombo hadi hospitali ya Kilindoni; nani mwenye haya aombe jukwaa kabla ya dawa? Sithubutu kulibeza. Ila ngoma haiombi fedha ya dawa. Inaomba kibali kisiwe mzigo, ushuru usikidake kijiukumbi cha watu 40, na taa iwake usiku mmoja kwa wiki. Mfuko wa Utamaduni na Sanaa wa taifa umekuwa ukiwakopesha wasanii, nalo ni jema. Lakini mkopo humfaa mwenye soko. Mzee anayepiga zumari mbele ya jirani zake atalipa kwa nini, naye ndiye aliyebaki na tuni ambazo mjini hazijulikani?

Kwa hiyo naona haki iko hapa: serikali ilipie paa, taa na mikeka, isilipie maneno. Na mlango ubaki wazi hata kwa wimbo unaoisema vibaya serikali yenyewe. Ikishindwa sharti hilo la mwisho, afadhali tuendelee kuimba uwanjani, chini ya minazi, kwa tunzo ya jirani.