Ngoma ya Kulipwa

Msafiri atokaye Morogoro kwenda Iringa hupita kiasi cha kilometa 50 ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Mikumi, iliyoanzishwa mwaka 1964, akawaona twiga na tembo kupitia dirishani pasipo kulipa. Lakini wako wageni wasiotosheka na wanyama, wapendao kuona watu pia. Hao hupelekwa kwenye boma la Wamaasai, wakachezewa ngoma, wakaonyeshwa namna ya kupekecha moto, pengine wakalala hemani karibu na zizi, kisha hulipa. Je, ukarimu waweza kuuzwa?

Wako wasemao kwamba ni aibu, kwa kuwa wazee wetu hawakumtoza mgeni. Neno hilo lapendeza kusikia, lakini limesahau nusu ya habari. Wahenga waliosema “Mgeni njoo, mwenyeji apone” ndio waliosema pia kwamba siku ya tatu mgeni apewe jembe. Mgeni wa zamani hakuleta fedha. Alileta habari, zawadi, mikono ya kulima, naye alijua kwamba siku moja mwenyeji wake atabisha hodi mlangoni pake. Mtalii hataisikia kamwe hodi ya mtu wa Mikumi huko kwao Ulaya. Basi na alipe. Aliyeruka juani tangu asubuhi amefanya kazi.

Kinachotusumbua si fedha, bali ni hali ya yule azipokeaye. Mpango wa utalii wa utamaduni, ulioanzishwa katikati ya miaka ya 1990 na Bodi ya Utalii pamoja na shirika la Uholanzi la SNV, ulileta desturi njema, kwamba sehemu ya malipo isaidie maendeleo ya kijiji, kama vile shule. Twausifu. Hata hivyo twataka kujua jambo moja zaidi: mwenyeji aweza kusema hapana? Aweza kufunga lango siku ya msiba, au kuwaambia wageni kwamba jando na unyago si mambo ya kutazamwa?

Huko Australia, wenyeji asilia waitwao Waanangu walirudishiwa ardhi yao ya Uluru mwaka 1985. Mwamba ule ni mtakatifu kwao, nao kwa miaka mingi waliwasihi watalii wasiupande, wengi walipanda. Mwaka 2017 bodi ya hifadhi, ambayo wengi wa wajumbe wake ni Waanangu, iliamua, na tangu tarehe 26 Oktoba 2019 hakuna apandaye. Wageni wangali wakienda, wakilipa na kufundishwa. Lakini angalieni mpango wa mambo: kwanza ilikuja ardhi, ndipo likaja neno la kukataa.

Hapo ndipo twarudi Kilosa kwa uchungu. Desemba 2000 watu 38 waliuawa Rudewa Mbuyuni katika ugomvi wa wakulima na wafugaji, na waliokufa walikuwa upande wa wakulima. Mwaka 2009 ikaja operesheni ya kuondoa mifugo wilayani, na wafugaji wakalia kwamba wamefilisika. Hatuandiki ili kumhukumu mmoja wao. Twasema tu kwamba mfugaji asiyejua ng'ombe wake watalala wapi mwezi ujao hana nguvu ya kumkatalia mtalii lolote. Atacheza hata akiwa mgonjwa. Tena, mwishoni mwa miaka ya 1960, viongozi wa Mkoa wa Arusha waliwakataza Wamaasai kuvaa lubega na kujipaka ngeu. Leo lubega ile ile yapamba matangazo ya utalii. Twaipenda picha yake ukutani, lakini ng'ombe wake wakikaribia shamba letu twampigia mwenyekiti simu.

Familia zitakazowapeleka watoto Mikumi wakati wa likizo zina la kufanya. Kabla ya kushuka garini, baba au mama amwulize mwenye boma mwenyewe, wala si dereva, kama leo wageni waweza kuingia, na kama picha zaruhusiwa. Akijibu kwamba ndani kuna mgonjwa, au kwamba wamechoka tu, watoto na wamwone baba yao akishukuru na kugeuza gari.