Binti Yule Ana Kosa Gani?



Ndugu Waislamu, mwaka 1975, katika jimbo la Badakhshan, Afghanistan, alizaliwa Fawzia Koofi. Mama yake, aliyetamani mtoto wa kiume, alimwacha juani afe. Hakufa. Mama akajuta, akampenda, na baadaye akampigania asome.

Binti huyo aliingia bungeni mwaka 2005. Agosti 2020 alipigwa risasi mkononi, na mwezi uliofuata alikuwa Doha katika mazungumzo na Taliban. Hao ndio waliomkatiza masomo ya udaktari walipoteka Kabul mwaka 1996. Waliporudi Agosti 2021 waliwafungia wasichana shule za sekondari, kisha vyuo vikuu Desemba 2022.

Wapo wanaosema huo ndio Uislamu. Mimi nasema hapana. Surat An-Nahl inamlaumu yule ambaye uso wake husawijika akibashiriwa binti, na Surat At-Takwir inatukumbusha kuwa binti aliyezikwa hai ataulizwa kosa lake. Kumnyima elimu ni kumfukia pia. Bibi Aisha (RA) aliwasomesha wanaume!

Lakini tusiishie kuwanyooshea kidole Waafghani. Nilipopata binti wa pili, mtu aliniambia, "Pole, Mungu atakupa wa kiume." Nikanyamaza. Kimya kile nakijutia hadi leo. Nawe ndugu yangu, ada isipotosha, unamtoa nani shule kwanza?

Mama yake Fawzia alikosea, akajirekebisha. Mlango wa toba u wazi kwetu pia.