Nyumba Njema si Mlango

Mjukuu wangu, kaa hapa barazani, weka simu chini kidogo. Nimeiona ramani yako na orodha ya vifaa. Geti la chuma lipo, vigae vya kung'aa vipo, vioo vya madirisha makubwa vipo. Nimetafuta ulipoandika mchanga utatoka wapi, sikupaona. Haya nilimwambia baba yako, nikawaambia ami zako, na leo mgongo unauma na sauti imepungua. Nitayasema tena, kwa kuwa nyumba ndiyo utakamolala na watoto wako.

Wazee walisema nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani. Mimi, mwashi wa miaka 40, nakuongezea: ukishaingia, uliza kilichofukiwa.

Anza na mchanga. Wa ufukweni una chumvi. Chumvi ikiifikia nondo, nondo hushika kutu. Kutu huvimba, na ikivimba huipasua zege kutoka ndani. Hilo nililijua tangu ujana, na bado siku moja nilikubali. Mwenye nyumba alikuwa na haraka, lori la mchanga wa mto halijafika, na pwani ilikuwa karibu. Nikamwaga lenta. Miaka michache baadaye akaniita. Juu ya dirisha la chumba cha watoto palikuwa na ufa ulionyooka kama uliopigwa kamba. Nilipougonga kwa nyundo, kipande kikadondoka, na nondo ndani yake ilikuwa ikimenyuka tabaka kwa tabaka kama kitunguu. Chini yake palikuwa na kitanda cha mtoto. Hakuumia mtu, Alhamdulillahi, lakini lile vumbi la kutu lililotua kwenye foronya sijalisahau.

Kisha tofali. Wapo wanaotoa tofali 50 na zaidi katika mfuko mmoja wa kilo 50, wakaziacha zikaukie juani. Ukikwaruza tofali kama hilo kwa ufunguo, linamwaga mchanga. Mwanangu, saruji haikauki kama nguo. Hukomaa, na hukomaa kwa maji. Zifunike, uzimwagilie asubuhi na jioni siku 7 kwa uchache. Nguvu ya zege nayo hupimwa siku ya 28. Maji ndiyo kifaa cha bei ndogo kuliko vyote, na ndiyo yanayosahauliwa kwanza.

Na ikiwa kiwanja chako kina udongo mwekundu usio na mfinyanzi mwingi, ulizia matofali ya kufungamana. Udongo huchanganywa na saruji kidogo, ukashindiliwa kwa mashine ya mkono. Hayachomwi, basi hakuna mti unaokatwa kwa ajili ya tanuri. Tofali moja linakaa ndani ya jingine, na saruji ya kuungia inakuwa kidogo sana.

Sasa joto. Ingia nyumba ya kale ya Lamu au Mji Mkongwe saa saba mchana, uweke kiganja ukutani. Ukuta ni mnene, wa mawe ya matumbawe na chokaa, na bado una ubaridi wa alfajiri. Sikwambii ukavunje matumbawe; bahari inayahitaji. Nakwambia ushike walichokijua waliojenga: dari iwe juu, madirisha yatazamane ili upepo upite, upenu uwe mrefu, na ubavu mpana wa nyumba usikabili jua la magharibi. Hivyo vioo vyako ulivyovichora upande wa magharibi vitaingiza moto kila alasiri. Utanunua kiyoyozi, na kila mwezi utanunua umeme wa kukiendesha. Nyumba ya hivyo hujamaliza kuijenga hata ukihamia.

Basi geti lingoje. Mbao zitakufaa mwaka mmoja au miwili, na siku utakapopata fedha utalibadilisha. Lenta na msingi hakuna atakayekubadilishia.

Na lori la mchanga likija, usilipe kabla hujaniita, hata kama ni alfajiri. Nitatembea polepole na fimbo yangu, nitachota kiganjani, nitaweka chembe ulimini kama alivyonifundisha fundi wangu. Chumvi ikinijibu, lirudishe lori, na hasira ya dereva niachie mimi.